Brigid wa Ireland: mungu, mtakatifu, au kitambaa cha dirishani?

Kila ikikaribia Februari wageni wanatuuliza swali lilelile hapa makumbusho, eti huyu Brigid ni mungu wa kale au ni mtakatifu wa Kanisa? Vyote viwili vimeandikwa, ila ushahidi haulingani, na huko mtandaoni watu wametia chumvi mpaka mchuzi hauliki.

Habari za mungu zinatoka hasa kwenye kamusi moja ya zamani, ya Cormac, ya karibu mwaka 900. Inasema Brigid alikuwa mungu wa kike wa washairi, binti wa Dagda, mungu mkubwa wa Waairishi wa kale, na dada zake wawili nao waliitwa Brigid, mmoja wa uganga na mwingine wa uhunzi. Mistari michache tu, tena imeandikwa na Wakristo, wakati habari za Brigid wa Kildare, yule mtawa ambaye hata Kenya kuna shule zina jina lake, zilishaandikwa na mtawa mmoja, Cogitosus, tangu miaka ya 600. Kwa hiyo mtu akikupangia ibada nzima ya madruidi, yaani makuhani wa kale wa huko, hatua kwa hatua, muulize kaitoa wapi.

Mimi napenda zaidi walichofanya watu wa kawaida, na hiki tunakijua vizuri, maana 1937 hadi 1939 watoto wa shule za msingi Ireland, kama 50,000 hivi, walitumwa wakawaulize wazee wao habari za zamani wakaziandika kwenye madaftari, na sasa kurasa zile ziko onlaini unajisomea bure.

Februari 1 kwao ndio majira ya kuchipua yanaanza, sikukuu yenyewe kwa jina la kale ni Imbolc. Akiba ya msimu wa baridi imepungua, kondoo wana mimba, maziwa ndo yanaanza kurudi, yaani watu walikuwa wanausubiri huo mwezi kweli kweli. Usiku wa Januari 31 mtu mmoja wa nyumbani anabaki nje na mzigo wa manyasi ya kinamasini, anapiga hodi mara tatu: pigeni magoti, fumbueni macho, mwacheni Brigid aingie! Wa ndani wanaitikia, karibu, karibu. Wanakula, kisha wanakaa kusuka misalaba.

Manyasi hayakatwi kwa kisu, yanang'olewa kwa mkono. Shika moja wima, la pili likunje katikati ulikumbatishe lile la kwanza, mikia ielekee kulia, zungusha robo kwenda kushoto, kunja jingine juu ya ile mikia, zungusha tena, hivyo hivyo mpaka utosheke, halafu funga ncha zote nne. Kidole gumba kisiachie pale katikati, ukiachia tu yote yanafumuka (waliozoea kusuka ukili hawatapata shida hapa). Msalaba unachomekwa juu ya mlango au kwenye paa ili nyumba isiungue moto, na kuna nyumba ule wa mwaka jana hautolewi, mpya unawekwa pembeni yake. Televisheni ya taifa ya Ireland iliufanya logo yake mpaka 1995, na tangu 2023 Brigid ana siku yake ya mapumziko, kwa kawaida Jumatatu ya kwanza ya Februari.

Ila kilichonishika mimi ni kitambaa. Usiku huohuo mama anatoa kipande cha nguo, hata tambara tu, anakitandika kichakani au dirishani nje, Brigid akipita akiguse. Asubuhi kimelowa umande, kinakunjwa na kuhifadhiwa. Mtu akiumwa kichwa anafungwa nacho, koo likiwasha kinazungushwa shingoni, na ng'ombe akishindwa kuzaa saa nane za usiku mtu anakimbia ndani kukichukua, anakuja kumwekea mgongoni.