Antivirusi iliyokuja na kompyuta inatosha, au ununue nyingine?

Swali hili hufika mezani kwetu, kitengo cha usalama wa mifumo, karibu kila wiki, na mara nyingi muulizaji huja na mashine kwapani: "Mtaalamu, niwekee antivirusi nzuri." Kabla sijajibu huomba kuishika kompyuta kwa dakika moja. Nafungua menyu ya Windows, naandika Windows Security, kisha naitazama ile alama ya ngao.

Kwenye mashine moja niliyoletewa hivi karibuni ngao ilikuwa na alama nyekundu. Ndani nikakuta antivirusi ya majaribio iliyokuja na kompyuta tangu dukani, muda wake umekwisha miezi saba nyuma. Chini yake kulikuwa na nyingine ya bure iliyowekwa na fundi. Ya kwanza ilikuwa haipokei masasisho, ya pili ilikuwa imezimwa, na Microsoft Defender, ambayo ni ya Windows yenyewe, ilikuwa imekaa pembeni ikiamini wenzake wako kazini. Walinzi watatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa macho. Nikamuuliza mwenye mashine ni nani aliyeizima ile ya pili. Akacheka: "Mimi mwenyewe. Ilikuwa inanikatalia kufungua programu fulani ya kuchora." Programu hiyo nitairudia, maana ndiyo iliyomleta, ingawa yeye hakujua.

Wanaoidharau kinga inayokuja na Windows wana sababu yao ya kihistoria. Defender ilizaliwa kutokana na programu ya kampuni iitwayo GIANT, iliyonunuliwa na Microsoft Desemba 2004. Ndani ya Windows Vista na Windows 7 kazi yake ilikuwa kukamata programu za kipelelezi tu. Aliyetaka kinga kamili ya Microsoft alipaswa kupakua Security Essentials, iliyotoka 2009. Defender ilikuja kuwa antivirusi kamili, iliyomo ndani ya mfumo, na Windows 8 mwaka 2012, na hata hapo ilikuwa ikiburuza mkia. AV-TEST, maabara iliyoko Magdeburg nchini Ujerumani, hutoa hadi alama 6 kwa ulinzi, 6 kwa wepesi na 6 kwa kutosumbua programu zisizo na hatia, jumla 18. Miaka ile kinga ya Microsoft ilikuwa ikianguka vibaya kwenye ulinzi. Kuanzia mwishoni mwa muongo wa 2010 mambo yakageuka: Defender imepata 18 kamili mara nyingi, sambamba na bidhaa za kulipia. Fundi anayekwambia leo kwamba "ile ya Windows si kitu" anakupa ushauri ambao mwaka 2013 ulikuwa sahihi.

Kilichobadilika ni namna ya kutambua. Antivirusi ya zamani ilikuwa kama askari mwenye daftari la picha za wahalifu: mtu asiyekuwemo daftarini anapita. Za sasa, ya bure na ya kulipia, hutazama pia mwenendo. Programu iliyofunguliwa sasa hivi na kuanza kubadilisha mamia ya mafaili yako kwa mfululizo itatiliwa shaka hata kama hakuna aliyewahi kuiona. Na faili geni likitokea, antivirusi huuliza wingu, yaani seva za kampuni zinazopokea taarifa kutoka mashine nyingi sana. Hapo Microsoft ina mtaji mkubwa, kwa sababu Defender imo ndani ya kila Windows ya kisasa.

Hapo hapo pana udhaifu wake. Defender inalitegemea wingu hilo kweli kweli, na intaneti ikikatika makali yake hupungua. Kompyuta inayokaa wiki nzima bila mtandao huku ikipokea flashi kutoka kila mkono ni moja ya sehemu chache ambazo mimi mwenyewe ningependekeza antivirusi nyingine, hasa iliyofanya vizuri kwenye majaribio ya bila mtandao. AV-Comparatives, maabara iliyoko Innsbruck nchini Austria, huyafanya majaribio ya namna hiyo na kuyaweka wazi kwenye tovuti yake, kwa hiyo huna haja ya kuamini tangazo.

Wenye Mac, kompyuta za Apple, nao wana kinga ya ndani, japo wengi hawajui. XProtect imo tangu 2009 na hujisasisha kimyakimya. Gatekeeper, iliyokuja 2012, hukagua programu kabla haijafunguka mara ya kwanza. Mac hazina kinga ya mbinguni, lakini kwa mtumiaji wa kawaida jibu langu kwao halitofautiani sana na la Windows.

Je, anayelipa analipia nini hasa? Ukisoma vizuri orodha ya vilivyomo, antivirusi yenyewe ni sehemu ndogo. Kilichobaki ni VPN (njia ya kuficha mawasiliano yako ya mtandaoni), hifadhi ya nywila, udhibiti wa simu za watoto, ufuatiliaji wa taarifa zako zilizovuja, na mtu wa kumpigia mambo yakiharibika. Ukivihitaji vyote, na una vifaa vingi vya aina mbalimbali unavyotaka kuvisimamia mahali pamoja, bei inaweza kuwa halali. Vilevile baadhi ya bidhaa hizo huzuia tovuti za ulaghai kwenye kila kivinjari, wakati kwa mtumiaji wa nyumbani kichujio cha Microsoft kinafanya kazi zaidi ndani ya kivinjari chake, Edge. Chrome na Firefox zina kichujio kingine kinachotoka Google, kwa hiyo pengo si pana kama linavyotangazwa. Ofisi ni habari nyingine kabisa. Penye mashine mia moja unahitaji mtu anayeona zote kutoka meza moja na anayeweza kuitenga iliyoambukizwa, na kazi hiyo haifanywi na antivirusi ya nyumbani, iwe ya Microsoft au ya mwingine.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye boksi. Antivirusi hupewa funguo za nyumba nzima: inasoma kila faili, na nyingi zinaona kila tovuti unayofungua. Unayempa funguo hizo lazima umjue. Avast, mojawapo ya antivirusi za bure zilizoenea sana duniani, ilikuwa ikikusanya taarifa za tovuti walizotembelea watumiaji wake na kuziuza kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot. Februari 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba Avast italipa dola milioni 16.5 na kuzuiwa kuuza taarifa hizo kwa ajili ya matangazo. Watu walikuwa wameiweka ili iwalinde dhidi ya kupelelezwa.

Na mlinzi anayekaa ndani kabisa ya mfumo akiteleza, anaanguka na nyumba. Aprili 2010 sasisho la antivirusi ya McAfee liliona faili halali la Windows XP, svchost.exe, kuwa ni kirusi, na kompyuta za maofisi mengi zikashindwa kufanya kazi. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho lenye kasoro la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta za maofisini, liliangusha mashine za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft, na safari za ndege zikafutwa kwa maelfu. Defender nayo haijasalimika: Mei 2017 watafiti wa Google walikuta ndani yake tundu ambalo faili lililotengenezwa kwa hila lingeweza kulitumia kuiteka mashine wakati wa kukaguliwa tu. Microsoft ililiziba baada ya siku chache. Ndiyo maana siwaelewi wanaoongeza antivirusi ya pili juu ya ya kwanza "kwa usalama zaidi". Mafahali wawili hawakai zizi moja. Kila moja inataka kuwa ya kwanza kulishika kila faili linalofunguliwa, mashine inakuwa nzito, na wakati mwingine moja inalikamata daftari la mwenzake kwa kuwa limejaa sura za virusi. Windows inalijua hilo, na ndiyo sababu ukiweka antivirusi nyingine, Defender hujiweka kando yenyewe. Nyingine ikifa, Defender inatakiwa kurudi kazini. Inatakiwa, lakini nimeona mashine za kutosha ambako haikurudi, kwa kuwa mabaki ya ile ya zamani yalikuwa bado yanaitikia "nipo".

Sasa ile programu ya kuchora. Ilikuwa ya kulipia, lakini imechakachuliwa ili ifanye kazi bila leseni. Ilipakuliwa ikiwa ndani ya faili lililobanwa na kufungwa kwa nywila, na nywila yenyewe, 1234, ilikuwa imeandikwa kwenye faili dogo la maelezo kando yake. Nani anafunga mlango kisha anautundika ufunguo kwenye kitasa? Mlango ule haukufungwa kwa ajili yako. Umefungwa kwa ajili ya antivirusi, ambayo haiwezi kuchungulia ndani ya faili lenye nywila. Mstari wa pili wa maelezo ulisema: zima antivirusi, onyo utakaloliona ni la uongo. Wa tatu ulisema: iongeze folda hii kwenye orodha ya zisizokaguliwa. Alifuata yote, hatua kwa hatua, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa.

Ndani mlikuwa na programu ya wizi. Huchukua nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, pamoja na vidakuzi, vile vinavyoiwezesha tovuti kukukumbuka kwamba umeshaingia. Mwenye vidakuzi vyako anaweza kuingia kwenye barua pepe yako bila kuulizwa nywila wala ule msimbo unaotumwa kwenye simu. Programu za aina hii mara nyingi hazikai. Hufanya kazi yake kwa dakika chache na kujifuta, na ukiiwasha antivirusi kesho yake utaambiwa mashine ni safi, na itakuwa kweli. Kwa hiyo dawa haikuwa antivirusi ya bei mbaya. Tulichukua kifaa kingine kilicho salama, tukabadilisha nywila zote kuanzia ya barua pepe, na katika kila akaunti tukabonyeza sehemu ya kutoka kwenye vifaa vyote, ili vidakuzi vilivyoibwa visifungue kitu tena.

Kuna mtego mwingine wa jamii hiyo hiyo unaoenea sasa. Unafungua tovuti, inakutaka uthibitishe kwamba wewe si roboti, kisha inakuelekeza: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, halafu Ctrl na V, halafu Enter. Tovuti imeshakuwekea amri kwenye ubao wa kunakili bila wewe kuiona, na vidole vyako ndivyo vinavyoitekeleza. Antivirusi nzuri inaweza kuiwahi, lakini inaona ni mwenye nyumba mwenyewe anayefungua mlango. Hakuna tovuti halali inayothibitisha ubinadamu wako kwa njia hiyo. Ukiona maelekezo hayo, funga ukurasa.

Masasisho ya Windows nayo ni jambo tofauti na masasisho ya antivirusi, na watu wengi huyachanganya. Programu hasidi ya WannaCry ilipolipuka tarehe 12 Mei 2017 na kufunga mafaili ya watu ikidai malipo, kiraka cha tundu iliyolitumia kilikuwa kimetolewa tangu Machi mwaka huo. Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa Microsoft imeahidi kuendelea kuipa Defender yake taarifa za virusi hadi Oktoba 2028. Mlinzi ataendelea kulishwa, lakini nyufa za ukuta hazizibwi tena, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama.

Ukitaka kujua kama mlinzi wako yuko macho, kuna njia isiyo na madhara. Wataalamu walikubaliana zamani juu ya faili la majaribio liitwalo EICAR, mstari mmoja wa herufi na alama 68 ambao si kirusi, lakini kila antivirusi inayojiheshimu imefundishwa kuukamata. Unapatikana kwenye tovuti ya EICAR, taasisi yenye jina hilo hilo. Unaunakili kwenye faili tupu la maandishi, unalihifadhi, unatazama.

Kwenye mashine ile tuliondoa antivirusi zote mbili, kila moja kwa zana ya kuondolea inayotolewa na mtengenezaji wake, kwa sababu njia ya kawaida huacha mabaki. Tukafuta ile orodha ya folda zisizokaguliwa. Tukaiwasha upya, na ngao ikarudi kijani. Kabla ya kumkabidhi tuliwasha kipengele cha Windows kinachozuia programu ngeni kuandika kwenye folda za nyaraka na picha. Kipo tangu 2017 lakini huja kikiwa kimezimwa, na nilimwonya kwamba kitamsumbua mara moja moja kwa kuzuia hata programu nzuri. Nikaandika ule mstari wa EICAR na kuhifadhi. Defender ikalinyakua faili kabla sijalifungua.

"Sasa nitachorea nini?" akauliza. Tukafungua tovuti ya Inkscape, programu halali na ya bure, tukaipakua hapo hapo antivirusi ikiwa imewashwa.