Wachimbaji wa mwanzo wa Bitcoin: yanayosemwa na yaliyotokea

Kila bei ya Bitcoin inapopanda, hadithi za miaka ya 2009 hadi 2013 hurudi vijiweni. Kwamba kulikuwa na vijana waliowasha kompyuta, wakalala, wakaamka matajiri. Kwamba mmoja wao alikuwa juha, akala piza za mamilioni ya dola. Kwamba wote walikuwa wauza dawa za kulevya. Nimeyasoma sana waliyoandikiana watu wale siku zile zile, kabla hawajajua mambo yangeishia wapi, na inaniuma kusikia wanavyosimuliwa leo. Wanahukumiwa kwa bei ambayo wao hawakuwa nayo. Siku zao zilipita katika kazi: kurekebisha programu, kupambana na joto la mashine, kumtafuta mtu wa kufanya naye biashara, na mara nyingi kuibiwa.

Dhana: Waliwasha kompyuta wakalala, pesa zikaja zenyewe

Kuna chembe ya ukweli hapa, ndiyo maana dhana hii haifi. Mtandao wa Bitcoin ulianza tarehe 3 Januari 2009, na kila bloku mpya, yaani ukurasa mpya wa kumbukumbu ya malipo, ilimpa aliyeipata bitcoin 50. Kompyuta ya kawaida ya mezani ilitosha. Wachimbaji walikuwa wachache kiasi kwamba bloku, ambazo zilipangwa kutoka kila dakika 10, mwaka ule zilitoka kwa wastani wa kila dakika 16 hivi.

Lakini pesa hazikuja, kwa sababu bado hazikuwa pesa. Hal Finney, mtaalamu wa usimbaji wa siri aliyeishi California, ndiye aliyepokea bitcoin 10 kutoka kwa Satoshi Nakamoto, muasisi wa Bitcoin aliyejificha nyuma ya jina hilo, tarehe 12 Januari 2009, muamala wa kwanza kati ya watu wawili. Alichimba kwa siku kadhaa, kisha akaizima programu. Sababu aliieleza mwenyewe mwaka 2013: kompyuta ilipata joto na kelele za feni zilimkera. Kwa mtu anayelipia umeme ili apate kitu kisicho na soko, huo ulikuwa uamuzi wa busara kabisa.

Hata bei ya kwanza kutangazwa, Oktoba 2009, ilitokana na bili ya umeme. Mtu aliyejiita New Liberty Standard alichukua umeme unaoliwa na kompyuta yenye kazi nyingi kwa mwaka, akauzidisha kwa bei ya umeme wa majumbani Marekani, akagawanya kwa miezi 12, kisha akagawanya tena kwa bitcoin alizochimba ndani ya siku 30. Akapata bitcoin 1,309.03 kwa dola moja. Wiki iliyofuata, Martti Malmi, mwanafunzi wa Finland aliyekuwa akisaidia kuandika programu yenyewe, aliuza bitcoin 5,050 na kulipwa dola 5.02.

Mwaka 2010 mambo yakageuka. Iligundulika kwamba kadi za michoro, zile wanazonunua wacheza gemu, huchimba kwa kasi kubwa kuliko prosesa ya kawaida. Mtandao nao hujirekebisha: kila baada ya bloku 2,016 hupandisha au hushusha ugumu wa kupata bloku ili zirudi kwenye dakika 10. Mwisho wa 2009 ugumu ulikuwa umetoka tu kwenye 1. Mwisho wa 2010 ulikuwa umepita 14,000. Katikati ya Juni 2011 ulikuwa umepita 800,000. Piga hesabu uone maana yake nyumbani kwa mchimbaji. Kadi ya Radeon HD 5870, yenye kukisia namba ya bahati ya bloku mara milioni 400 hivi kwa sekunde, mwanzoni mwa 2011 ingempa bloku moja kila baada ya siku mbili hivi. Miezi sita baadaye kadi ile ile ingehitaji zaidi ya siku 100.

Ndipo watu wakaanza kuchimba kwa ushirika. Marek Palatinus wa Czech alianzisha kundi la kwanza la namna hiyo mwishoni mwa 2010: wanachama wanaunganisha nguvu, na bloku ikipatikana kila mmoja anapewa fungu kwa kadiri ya kazi aliyofanya. Ndipo pia vyumba vya kulala vikageuka karakana. Kadi ziliwekwa wazi bila kasha, zikapangwa kwenye kreti za plastiki za maziwa, na feni kubwa zikapuliza usiku kucha. Juni 2011 bei ilivuka dola 30. Novemba ilikuwa imeanguka hadi dola 2 hivi, na bili ya umeme haikuanguka hata senti moja. Wengi waliziuza kadi zao kwa wacheza gemu wakaondoka.

Waliobaki walikumbana na mashine maalumu, zenye chipu isiyojua kazi nyingine. Butterfly Labs ya Marekani ilianza kupokea malipo ya oda Juni 2012. Mashine zilichelewa kwa miezi mingi, na kwa mchimbaji kuchelewa ni hasara, kwani ugumu huzidi kupanda wakati anasubiri. Septemba 2014 Tume ya Biashara ya Marekani iliifikisha kampuni hiyo mahakamani.

Dhana: Kuchimba ni kutatua mafumbo magumu ya hisabati

Hakuna fumbo. Ni kubahatisha, kama kurusha dadu mara mamilioni kwa sekunde ukisubiri namba iliyo chini ya kiwango kilichowekwa. Aliyerusha mwaka mzima bila kupata hana nafasi bora kuliko aliyeanza dakika hii. Faida ya kazi hiyo ni kwamba mtu anayetaka kuifuta kumbukumbu ya malipo yaliyopita inabidi arudie gharama yote ya umeme iliyotumika kuijenga.

Dhana: Yule wa piza alikuwa mjinga

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote.

Laszlo Hanyecz, mwandishi wa programu wa Jacksonville, Florida, alitangaza tarehe 18 Mei 2010 kwamba atatoa bitcoin 10,000 kwa yeyote atakayemletea piza mbili kubwa. Alitaka mbili ili ibaki ya kula kesho yake. Siku tatu zilipita bila mtu kujitokeza, mpaka akauliza kama kiasi anachotoa ni kidogo. Tarehe 22 Mei kijana mmoja wa California aliagiza piza kwa Papa John's, zikafikishwa Florida, naye akapokea bitcoin zake. Kwa bei ya siku ile zilikuwa na thamani ya dola 41 hivi.

Tazama alikuwa nani. Huyu ndiye aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kuchimba kwa kadi ya michoro, na ndiye aliyeandika programu ya Bitcoin ya kompyuta za Mac. Mtandao mzima, duniani kote, ulitoa bitcoin 7,200 hivi kwa siku, na yeye alikuwa akichota maelfu. Alizokosa hazikuwa bitcoin. Alichokosa ni mtu hata mmoja anayekubali kuzipokea kwa kitu kinacholiwa. Hakuishia kwenye piza zile mbili: aliiacha ahadi yake wazi mpaka Agosti, aliposema hawezi tena kuchimba maelfu kwa siku. Baadaye alieleza kwamba mwaka ule alitumia karibu bitcoin 100,000, na kwamba hajuti.

Yule kijana wa California naye alizitumia bitcoin zake safarini, na hakuna anayemcheka. Gavin Andresen, aliyekuja kuwa msimamizi wa programu, Juni 2010 alifungua ukurasa uliogawa bitcoin 5 bure kwa kila aliyefika, zikitoka mfukoni mwake. Hao wote walikuwa wakifanya jambo moja. Sarafu ambayo kila mtu ameifungia sandukuni haina bei, kwa kuwa hakuna anayeibadilisha na kitu. Kama wote wangezing'ang'ania mwaka 2010, leo hakuna ambaye angekuwa anakokotoa thamani ya piza zile.

Dhana: Bitcoin iliondoa haja ya watu kuaminiana

Ndani ya mtandao, ndiyo: huhitaji kumwamini mtu ili ujue malipo ni halali. Lakini hatua moja tu nje ya mtandao, watu wale walihitaji kuaminiana kuliko hata wafanyabiashara wa sokoni, kwa sababu hawakuonana wala kujuana majina.

Chukua mtu anayeuza bitcoin kwa PayPal. Mnunuzi analipa, anapokea sarafu, kisha anaiambia PayPal kwamba akaunti yake ilitumiwa na mwizi. PayPal inarudisha dola. Bitcoin hazirudi, kwani hakuna wa kuzirudisha. Mchezo huu uliwaumiza wauzaji wengi. Jawabu walilotunga kwenye kituo chao cha gumzo, bitcoin-otc, lilikuwa la kizamani na lilifanya kazi: kila mmoja alijitambulisha kwa ufunguo wake wa siri, na baada ya biashara aliyetendewa alimpa mwenzake alama kuanzia -10 hadi 10. Mgeni alianza na biashara ndogo ndogo. Sifa yako ndiyo iliyokuwa mtaji wako.

Na sifa inaweza kujengwa ili iuzwe siku moja. Trendon Shavers wa Texas, aliyejulikana kwa jina la pirateat40, aliahidi faida ya hadi asilimia 7 kwa wiki. Ukiiacha faida hiyo izae kwa mwaka, fedha yako inakua zaidi ya mara 30, na hakuna biashara halali inayoweza kufanya hivyo. Mwanzoni alilipa kwa wakati, waliolipwa wakamsifu, na sifa ikawaleta wengine. Alikusanya bitcoin zisizopungua 700,000 kabla ya kuporomoka Agosti 2012, na mwaka 2016 alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na nusu. Ulikuwa upatu mtupu. Mtanzania anayeikumbuka DECI ya 2009, na majirani waliopanda pesa wakisubiri kuvuna, ataielewa habari hii bila kujua lolote kuhusu kompyuta.

Soko lenyewe walilikabidhi kwa mtu mmoja mmoja. Mt. Gox ilifunguliwa Julai 2010 na Jed McCaleb, kwa kutumia jina la tovuti aliyokuwa ameisajili kwa ajili ya kadi za mchezo wa Magic. Mwaka 2011 alimuuzia Mark Karpelès, Mfaransa aliyeishi Tokyo. Tarehe 19 Juni 2011 mdukuzi aliingia akamwaga oda za kuuza hadi bei ikashuka kutoka dola 17 hivi hadi senti moja. Watu walipoanza kuuliza kama fedha zao bado zipo, Karpelès alihamisha bitcoin 424,242 kwa mkupuo ili kila mmoja azione kwenye kumbukumbu ya wazi. Wakatulia. Februari 2014 soko hilo liliomba kinga ya kufilisika, likisema limepoteza takriban bitcoin 850,000. Takriban 200,000 zilipatikana baadaye kwenye pochi ya zamani, yaani faili linalotunza funguo za bitcoin. Wadai walianza kurudishiwa sarafu Julai 2024, zaidi ya miaka 10 baadaye.

Dhana: Basi Bitcoin yenyewe ilidukuliwa

Mt. Gox ilikuwa duka linalotunza funguo za wengine, na kilichovunjwa ni duka.

Kosa kubwa la Bitcoin yenyewe lilitokea tarehe 15 Agosti 2010, na wasimuliaji wengi hawalijui. Katika bloku namba 74,638 mtu alitumia hitilafu ya hesabu akajitengenezea zaidi ya bitcoin bilioni 184, wakati jumla inayoruhusiwa ni milioni 21. Jeff Garzik aliiona, na ndani ya saa chache Nakamoto na Andresen walikuwa wametoa marekebisho. Lakini marekebisho hayakuwa na nguvu mpaka wachimbaji, mmoja mmoja, wayaweke kwenye kompyuta zao na kuikataa ile bloku. Wakafanya hivyo, na mnyororo safi wa bloku ukaupita ule mchafu. Usiku ule ulitegemea watu waliokuwa macho.

Dhana: Waliingia mapema, basi leo ni mabilionea

Agosti 2010 mtu mmoja alijitumia mwenyewe bitcoin 1 ili ajaribu, kisha akarudi kwenye nakala ya pochi aliyokuwa ameihifadhi awali. Hakujua kwamba programu hutuma chenji kwenye anwani mpya, ambayo ufunguo wake haukuwamo katika nakala ile. Karibu bitcoin 9,000 ziko pale mpaka leo, kila mtu anaziona, hakuna anayeweza kuzigusa. James Howells wa Newport, Wales, diski yake ya kompyuta yenye funguo za bitcoin zake ilitupwa jalalani mwaka 2013. Wengine waliuza mapema walipie karo au kodi ya nyumba, na walikuwa na haki ya kufanya hivyo.

Dhana: Walikuwa wahalifu waliojificha

Silk Road, soko la mtandaoni la dawa za kulevya, ilikuwepo kuanzia 2011 hadi Oktoba 2013, na bitcoin nyingi zilipita humo. Vilevile mwaka 2011 familia ya wafugaji wa alpaka huko Massachusetts ilikuwa ikiuza soksi za sufu kwa bitcoin. Na kujificha hakukuwa rahisi kama inavyodhaniwa, kwani kila muamala umeandikwa hadharani. Maafisa wawili wa serikali ya Marekani walioiba bitcoin wakati wa upelelezi wa Silk Road walikamatwa mwaka 2015, na kumbukumbu hiyo ya wazi ilikuwa sehemu ya ushahidi.

Dhana: Bado unaweza kuchimba kama wao, tena kwa simu

Hapa nazungumza na wewe uliyetumiwa kiungo cha programu ya simu na ndugu au rafiki. Tangu Aprili 2024 bloku inalipa bitcoin 3.125 badala ya 50, na ugumu umepita trilioni 100. Tuseme simu yako inakisia mara milioni 10 kwa sekunde, jambo ambalo ni la ukarimu. Kwa wastani ingehitaji zaidi ya miaka bilioni moja kupata bloku moja. Namba unayoiona ikipanda kwenye kioo imeandikwa na mwenye programu. Siku utakapotaka kutoa, utaambiwa kwanza ulipe ada, au ulete watu watano.