Kiseyeye sio jina la kila fizi inayotoa damu

Jumapili nilikuwa Mbagala kwa mama mdogo, namuona anatafunia mhogo upande mmoja tu, namuuliza vipi, ananiambia meno ya mbele ya chini yanacheza, "kiseyeye tu mwanangu, nakula machungwa." Mwaka wa pili huu anakula machungwa.

Jamani, kiseyeye ni ugonjwa wa kukosa vitamini C, basi. Fizi zinavimba, zinatoa damu, meno yanalegea kweli, ila na miguu inatoka madoa ya damu chini ya ngozi na vidonda vinagoma kupona. Ulikuwa unawamaliza mabaharia waliokaa miezi bila tunda wala mboga. Mwaka 1747 daktari wa meli wa Uingereza, James Lind, akachukua wagonjwa 12 akawagawa wawili wawili, kila wawili na dawa yao, na waliopewa machungwa na malimao ndio walioinuka ndani ya siku chache. Sasa mtu wa Dar mwenye maembe mtaani na ndimu kwenye kila kachumbari, hicho kiseyeye anakitoa wapi? Kinaweza kumpata mtu, ila sio hivi tunavyokitaja kila nyumba.

Kinachotusumbua wengi ni ugonjwa wa fizi. Ukoga usiposwakiwa unakuwa ugaga, mgumu kama simenti, hautoki kwa mswaki wala kwa kusugua ndimu (ndimu inakula jino lenyewe), fizi inaachana na jino, panabaki kimfuko, na huko chini mfupa unaoshika jino unaliwa taratibu, mara nyingi bila hata maumivu. Na mfupa ukishaliwa haurudi wenyewe, hata ule gunia la machungwa.

Nikampeleka. Daktari alishusha kijiti chembamba chenye alama za milimita kati ya fizi na jino, fizi yenye afya huwa 1 mpaka 3, kwake kikazama mpaka 7. Akauliza kama ana kisukari, maana kinachochea sana. Na hakusema ng'oa. Kwanza ganzi na kukwangua ugaga mpaka kwenye mizizi, wiki kadhaa apimwe tena, pakiwa bado pamezama fizi inafunguliwa kwa upasuaji mdogo isafishwe vizuri, na yanayocheza yanaweza kufungwa kwa waya mwembamba yashikane na wenzake. La kung'oa ni lile ambalo mfupa umeisha kabisa.

Mama mdogo akaogopa, kasikia kusafisha kunalegeza meno. Ule ugaga ndio ulikuwa umeyagandisha pamoja, ukitoka unauona ulegevu uliokuwepo siku zote.

Machungwa aendelee kula, yana faida zake. Ila bado kila akipiga simu ananiambia kiseyeye chake kinaendelea vizuri, na mimi namwambia taratibu, fizi mama, ni fizi.