Simu ya moto haipozwi kwa barafu

Pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, niliona simu ikichomolewa kwenye chaji ikiwa ya moto, ikazungushiwa kitambaa na kulazwa juu ya barafu ya sangara. "Dakika tano tu, itapoa," akasema mwenyewe. Mazoea haya ni ya siku nyingi; majumbani watu hutumia friji.

Kupoa, itapoa. Shida ni jasho. Toa soda kwenye friji mchana wa Mwanza uone chupa inavyolowa kwa nje: hewa ya ziwani ina unyevu mwingi, na ukigusa kitu cha baridi unageuka matone. Simu nayo hulowa vivyo hivyo, ila matone mengine hujitunga ndani, juu ya saketi.

Na waranti inaweza kuponyokea hapo hapo. Simu nyingi zina kijikaratasi cheupe, aghalabu kwenye tundu la laini, kinachogeuka chekundu kikiguswa na maji. Fundi akikikuta chekundu, utaapa weee kwamba haijawahi kutumbukia ziwani.

Uvuguvugu wakati wa kuchaji ni kawaida ya betri ya lithiamu. Joto likizidi, chomoa, vua kava, weka kivulini penye upepo. Apple, kwa mfano, hushauri iPhone itumike mahali penye nyuzi 0 hadi 35. Ikiwa inachemka kila siku hata kwa chaja yake halisi, au mgongo umevimba, acha kuichaji kabisa. Ipeleke dukani na risiti, ikiwa kavu.