Migahawa ya Wahindi na Washihiri mjini Tanga: dhana potofu na ukweli

Wengi wanaotoka kula jioni mjini Tanga huishia palepale: chipsi na mishikaki ya kando ya barabara, au hoteli yenye bustani upande wa Raskazone. Migahawa midogo ya Wahindi na ya Washihiri, yaani Waarabu wenye asili ya Yemeni, kuanzia katikati ya mji hadi Ngamiani, hupitwa mlangoni, na anayeingia siku moja kwa kukosa pengine pa kula hutoka ameshangaa jinsi alivyokula vizuri. Mshangao huo hunisikitisha, kwa kuwa jamii hizi zimeishi na kufanya biashara hapa kwa vizazi kadhaa, na kinachotutenga na meza zao ni maneno tuliyoyapokea bila kuyachunguza.

La kwanza ni kwamba mgahawa wenye rangi iliyobabuka, meza za plastiki na bango lililofifia hauwezi kuwa na chakula cha maana wala usafi. Ukweli ni kwamba usalama wa chakula hauko ukutani. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisiachwe zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida, na kile kinachosubiri mlaji kihifadhiwe kikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi. Kwa kipimo hicho, mgahawa wa familia unaopika sufuria mbili tatu zikaisha jioni hiyohiyo, na kuchoma chapati baada ya mteja kuagiza, uko salama kuliko ukumbi wa kifahari ambao vyakula vyake vimepoa kwenye masinia tangu magharibi. Tazameni mikono ya mhudumu, maji ya kunawa na mvuke unaotoka kwenye sahani.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba chakula cha Kihindi ni pilipili tupu. Hapa ni lazima tutenganishe viungo na ukali. Bizari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu na manjano haviunguzi ulimi; kinachounguza ni pilipili, na pilipili yenyewe si mzaliwa wa India. Asili yake ni Amerika, na ilifikishwa India na Wareno baada ya Vasco da Gama kutia nanga Kalikuti, kusini-magharibi mwa India, mwaka 1498. Kabla ya hapo wapishi wa huko walipata ukali kutoka kwa pilipili manga na tangawizi. Zaidi ya hayo, Wahindi wengi wa Tanga wana asili ya Gujarat na Kutch, na upishi wa Gujarat unajulikana kwa utamu wake: dali hutiwa sukari guru pamoja na ndimu au ukwaju, hata mlaji akapata utamu, uchachu na chumvi katika kijiko kimoja. Mkiwa na bahati ya kuandaliwa sinia la stili lenye vibakuli vya dali, mboga, mtindi na achari, pamoja na chapati nyembamba zilizopakwa samli, mtaona kwamba pilipili imekaa pembeni, kila mtu ajichukulie kwa kadiri yake. Ikitokea umezidiwa, usikimbilie maji, kwa sababu kemikali ya pilipili haiyeyuki ndani yake. Maziwa au mtindi ndiyo dawa.

Sinia hilo mara nyingi halina nyama, na wapo wanaodai kwamba bila nyama hakuna shibe. Dengu, choroko na mbaazi zina protini ya kutosha, na zikiliwa na wali au chapati hukamilishana. Mamilioni ya watu nchini India hula hivyo maisha yao yote.

Kisha kuna suala la uchachu. Mtu anaagiza dokla, anaonja, anairudisha akisema imelala. Dokla ni mchele na dengu zilizolowekwa, zikasagwa na kuachwa usiku kucha ziumuke. Asubuhi uji huo mzito hupikwa kwa mvuke ndani ya sinia, ukakatwa vipande vya mraba, kisha humwagiwa mafuta ya moto yenye mbegu za haradali ambazo bado zinapasuka, na kunyunyiziwa kotimiri. Kipande kizuri hujaa vitundu vidogovidogo na hurudi juu ukikibonyeza kwa kidole. Uchachu wake umeletwa na bakteria walewale wa jamii ya wanaogandisha mtindi, na aliyekulia kwenye togwa hana sababu ya kuuogopa.

Wengine husema biriani tunayopikiwa hapa si halisi kwa kuwa haifanani na ya mji wa Hyderabad, India. Huko, nyama mbichi iliyolowekwa kwenye mtindi na viungo hufunikwa kwa wali uliochemshwa nusu, sufuria ikazibwa kwa unga uliokandwa, vyote vikaiva kwa mvuke wa pamoja. Kwetu Pwani, mchuzi mzito wenye vitunguu vya kukaanga hupikwa peke yake, na wali peke yake, vikakutana kwenye sahani. Hizo ni njia mbili za chakula kimoja, na kila moja ina ugumu wake. Kuiita yetu bandia ni kuwakosea adabu mabibi walioikamilisha.

Mandi, wali wa nyama wa Washihiri, nayo hulaumiwa kwamba haina viungo. Asili yake ni Hadhramaut, nchini Yemeni, walikotoka Washihiri, na wepesi wa viungo ndio mpango wenyewe: mbuzi au kondoo huiva polepole ndani ya tanuri lililochimbwa ardhini, juu ya sufuria ya mchele, mafuta yakiudondokea pamoja na harufu ya moshi. Huletwa kwenye sinia moja la kuliwa na watu kadhaa, na pembeni pana chachandu ya nyanya na pilipili. Kwa kuwa kazi hiyo huchukua saa nyingi, haiwezi kurudiwa usiku sufuria likishamalizika, hivyo ni vyema mpite alasiri kuweka oda, mkitaja idadi yenu, badala ya kufika saa tatu usiku na kuhitimisha kwamba mgahawa hauna chakula.