Utemi wa Philippopolis: Cheo Kilichotangulia Ardhi

Katika Ulaya ya Zama za Kati, utemi wa kikabaila ulikuwa eneo ambalo mfalme alimkabidhi mkuu mmoja alitawale na kukusanya kodi zake, kwa sharti kwamba aape kumtii na kumpelekea askari wakati wa vita. Mtemi naye aliwagawia wapiganaji wake ardhi kwa kiapo cha namna hiyohiyo. (Neno lenyewe tumelipata kwa Wanyamwezi na Wasukuma, ingawa mtemi wa kwao hakuwa na kaisari wa kumwapia.)

Mwaka 1204, baada ya askari wa Vita ya Nne ya Msalaba kuuteka Konstantinopoli, kaisari wao mpya, Baldwin wa Flanders, alimpa Renier wa Trit mji wa Philippopolis, ambao leo ni Plovdiv nchini Bulgaria. Zawadi hiyo ilikuwa na kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba aliyeitoa hakuwa na nguvu ya kuilinda. Mwaka uliofuata wenyeji waliasi, Kaloyan, mfalme wa Wabulgaria, akawaunga mkono, na viapo vikaanza kukatika, tena kuanzia nyumbani: mwana, ndugu, mpwa na mkwe wa Renier walimtoroka pamoja na wapiganaji wapatao 30, lakini wakakamatwa njiani na kukabidhiwa kwa Kaloyan, aliyewakata vichwa. Wengine wapatao 80 waliondoka baadaye, mtemi akabaki na wapanda farasi wasiozidi 15.

Alipogundua kuwa Wapaulikiani, Wakristo waliohesabiwa kuwa wazushi, wanapanga kuusalimisha mji, Renier aliuchoma mtaa wao, akakimbilia ngome ya Stenimachos. Humo alizingirwa kwa miezi 13, hata watu wake wakala farasi wao. Waliomwokoa mwaka 1206 walitumwa na Henry, ndugu yake Baldwin, na ni Renier aliyewathibitishia kwamba kaisari, aliyetekwa na Kaloyan huko Adrianople, amekwisha kufa kifungoni.

Henry, ambaye sasa ndiye aliyekuwa kaisari, aliwashinda Wabulgaria karibu na Philippopolis mwaka 1208, na utemi ukapata pumzi chini ya Gerard wa Estreux. Pumzi hiyo ilikatika baada ya mapigano ya Klokotnitsa ya mwaka 1230, Ivan Asen wa Pili, mfalme wa Wabulgaria, alipolitwaa eneo hilo. Stenimachos ya Renier sasa inaitwa Asenovgrad, yaani mji wa Asen.