Mtutu Huu Ulitengenezewa Risasi Gani? Shotigani ya Kuwindia, Mpya na Kuukuu

Mzee mmoja alinijia karakanani akiwa na bunduki ya mitutu miwili iliyofungwa kwenye kitenge, leseni yake mfukoni, na boksi jipya la risasi 25 mkononi. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa. "Fundi," akasema, "hii ni ya marehemu baba. Imekaa kabatini miaka mingi, na msimu huu nimepata kibali cha kuwinda ndege. Naomba uipake mafuta tu nikajaribu kanga." Nikamjibu, "Mzee wangu, mafuta yatafuata. Kwanza tuisome."

Huwa nasema tuisome kwa sababu bunduki ya kizungu ya zamani imeandikwa, tena imeandikwa mahali ambapo wenye nayo wengi hawajawahi kupatazama. Ukiitenganisha mitutu na kitako, kisha ukaigeuza mitutu kifudifudi, utaiona mihuri midogo kwenye chuma bapa kilicho chini ya chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi. Mihuri hiyo hupigwa na kituo cha kupimia bunduki, si na mtengenezaji. Kituo cha Birmingham kilianzishwa kwa sheria ya Bunge la Uingereza mwaka 1813, na kile cha Liège, Ubelgiji, ambako bunduki nyingi za bei nafuu za zama za ukoloni zilitoka, hupiga duara la yai lenye herufi ELG na nyota chini yake. Kila mtutu hupakiwa risasi yenye nguvu kupita ya kawaida na kufyatuliwa, na ukistahimili ndipo hupigwa muhuri unaoeleza ulijaribiwa kwa kiwango gani. Kwa hiyo jina lililonakshiwa ubavuni, hata likiwa la fahari, mimi hulisoma mwisho.

Bunduki ya mzee ilikuwa na umbo la almasi lenye namba 12, yaani geji (kipimo cha upana wa mtutu), na herufi C. Muhuri huo ulitumika Uingereza kati ya 1887 na 1925, na nilipoingiza kipimo ndani ya chemba nilipata urefu wa milimita 65, kama zilivyokuwa nyingi za wakati huo. Boksi lake la risasi liliandikwa 70.

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika, na si kwa uzembe. Urefu unaoandikwa kwenye boksi ni wa ganda baada ya kufyatuliwa, mdomo wake ukiwa umekunjuka. Kabla ya kufyatuliwa, risasi ya 70 iliyokunjwa mdomo kwa mikunjo ya nyota huwa na urefu wa karibu milimita 58 hadi 60, hivyo huingia kwenye chemba ya 65 kwa ulaini kabisa, bunduki ikafungika, na mwenyewe akaamini kwamba imekubali. Inapolipuka, mdomo wa ganda hukunjukia sehemu ile ambapo chemba inaanza kusinyaa kuelekea mtutu, ukaibana njia wakati huohuo ambapo baruti inasukuma kwa nguvu zake zote. Shinikizo hupanda, na linapanda juu ya chuma chenye miaka mia moja. Huenda isipasuke siku hiyo, na kutopasuka huko ndiko kunakomfanya mtu aendelee. Wapo watengenezaji wanaopakia risasi zenye ganda refu zaidi lakini shinikizo la chini, na huandika waziwazi kwenye boksi kwamba zinafaa chemba ya 65. Kama maandishi hayo hayapo, usikisie.

Suala la pili ni baruti. Mitutu mingi ya karne ya 19 ilitengenezwa kwa ajili ya baruti nyeusi, ile ya moshi mzito. Utaitambua baadhi kwa macho: ina michoro ya mawimbi au mizunguko kwenye chuma, kwa kuwa ilifumwa kwa tepe za chuma laini na chuma cha pua zilizosokotwa pamoja na kufuliwa kwa moto. Ni kazi nzuri mno, na kila ninapoishika huikawia kuiweka chini. Lakini kati ya msokoto na msokoto kuna maungio, na kutu huweza kujificha humo pasipo kuonekana nje. Ipo mitutu ya namna hii iliyojaribiwa upya na kupigwa muhuri wa baruti isiyo na moshi. Birmingham ilitumia herufi NP chini ya taji. Bila muhuri huo, siipi risasi yoyote ya dukani. Risasi za kawaida za geji 12 chini ya kanuni za kimataifa za leo huruhusiwa kufikia shinikizo la bar 740, na zile zenye nguvu zaidi bar 1050. Bunduki ya aina hiyo haikujengwa kwa viwango hivyo. Vilevile risasi zenye marisau (vigoroli vya ndani) ya chuma badala ya madini ya risasi si za mitutu ya kale, hasa iliyobanwa sana mdomoni.

Baada ya mihuri hufuata mikono na macho. Nafunga bunduki bila kile kipande cha mbao cha mbele, naitikisa, nasikiliza kama bawaba inacheza. Natundika mitutu mitupu kwenye kidole na kuigonga kwa kijiti: ikilia kama kengele, maungio yake ni mazima, ikitoa mgoto butu, kuna solda iliyoachia. Naielekeza kwenye mwanga na kuangalia ndani, kwa sababu kivuli cha pete kikionekana katikati, mtutu umewahi kuvimba pale. Kisha naweka risasi bandia, napandisha nyundo, na kugonga kitako kwa kiganja. Nyundo ikianguka yenyewe, bunduki hiyo hairudi porini. Kumbuka kwamba kitufe cha usalama katika bunduki nyingi za mitutu miwili huzuia kifyatulio tu, hakiishiki nyundo.

Geji nayo ina hatari yake. Namba hiyo huhesabu ni goroli ngapi za upana wa mtutu zinazopatikana katika ratili moja ya madini ya risasi, ndiyo maana geji 20, yenye milimita 15.6, ni nyembamba kuliko geji 12 yenye 18.5. Risasi ya 20 ikiingizwa kimakosa kwenye bunduki ya 12 huteleza na kukwama mbele ya chemba, usiione. Mtu hudhani hajapakia, akaweka ya 12 nyuma yake, na mtutu hupasuka karibu na mkono wa kushoto. Maganda ya 20 hupakwa rangi ya manjano kwa sababu hiyo. Nyumba yenye bunduki za geji mbili iweke risasi zake katika makabati mawili.

Kwa anayenunua leo, ushauri wangu ni geji 12 yenye chemba ya 70 au 76, mitutu miwili au mmoja, ya kufungua kwa bawaba. Baikal kutoka Izhevsk, Urusi, ni nzito na mbao zake hazina madoido, lakini mitutu yake imepakwa kromu ndani, jambo ambalo mtu wa Tanga au Lindi, mwenye hewa ya chumvi mwaka mzima, atalishukuru. Remington 870 ya kukokota, iliyoanza kuuzwa 1950, ni imara pia, ila inataka mwenye kuifungua na kuisafisha vumbi. Muhimu kuliko vyote, bunduki yenye bawaba ikifunguliwa kila mtu aliye karibu anaona kwamba haina kitu, na mwenyewe anaweza kuchungulia mtutu mzima. Mwaka mmoja nilichungulia bunduki iliyoegeshwa stoo miezi miwili nikakuta giza: nyigu walikuwa wamejenga kiota cha udongo ndani, kigumu kama tofali, urefu wa kidole. Tangu hapo huchungulia kila asubuhi kabla ya kupakia, na tena kila ninaposikia mlio dhaifu usio wa kawaida.

Mitutu ya mzee nilipoipima unene, wa kulia ulikuwa salama. Wa kushoto, shubiri moja kutoka chemba, ulishuka chini ya nusu milimita, kiwango ambacho mafundi wengi hawakubali kukivuka. Akaniuliza, "Basi si nitumie wa kulia peke yake?" Nilimwambia kwamba vifyatulio viko viwili, vimekaribiana, na kanga wakiruka kidole hakikumbuki. Alinyamaza kidogo, akaifunga tena kwenye kitenge, kisha akaniuliza utaratibu wa polisi wa kuomba leseni ya bunduki nyingine. Lile boksi la 70 aliniachia nimtunzie kwenye sefu mpaka atakapoipata.